Chungwa la Mtang'ata

Mpwa wangu alikuja kutoka Dodoma wakati wa likizo ya Juni, akakaa nasi Ngamiani wiki tatu. Jioni moja tukiwa barazani, yeye anamenya mihogo na mimi nasikiliza redio, akaniuliza, "Mjomba, juzi tulipokwenda arusini Pangani niliona njia inayoingia kwenye Magofu ya Tongoni. Huko kuna nini?"

"Magofu tu," nikamjibu.

Hakuuliza tena. Lakini usiku ule lile neno "tu" lilininyima usingizi. Nimezaliwa Tanga, nimesoma Tanga, nimeoa Tanga. Nimepanda boti kwenda Unguja kutazama magofu ya Maruhubi na Mtoni. Mwaka mmoja nilisafiri hadi Kilwa Kisiwani, nikalipia nauli, malazi na mtembeza wageni, na niliporudi niliwasimulia watu mwezi mzima. Tongoni iko kilomita 17 kutoka mjini kwetu. Nimepita pale kwa basi mara zisizo na idadi, pazia nimelivuta kwa ajili ya jua na vumbi, nimelala. Mtoto wa Dodoma, mgeni wa siku tisa, alikuwa ameona nisichokiona kwa miaka hamsini.

Asubuhi nikamwambia mke wangu kwamba tunakwenda Pangani, mimi na mtoto, kwa baiskeli. Akanitazama. "Kilomita hamsini?" Nikamwambia ndiyo, kwa sababu basi ndilo lililonizoesha kulala njiani. Tanga ni mji wa baiskeli. Hapa mtu anapelekwa hospitali kwa baiskeli, anaoa kwa baiskeli, na mzigo wa kuni unaingia sokoni kwa baiskeli. Mimi nilikuwa na Phoenix aliyoniachia marehemu baba, na jirani akamwazima mpwa wangu ya binti yake. Fundi akakaza breki, akatia mafuta mnyororo, akanionya kwamba msimu huu ni wa kusi.

Hilo la kusi nililielewa vizuri zaidi tulipokwishatoka mjini. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, kiza bado hakijaondoka, na upepo ukatupokea usoni palepale. Pangani iko kusini, na kusi inatoka kusini. Kila kilima kidogo kilikuwa viwili, cha udongo na cha upepo. Lakini ndio mwendo unaofaa kutazama. Mwanamke anafagia uwanja wake kwa chelewa, mistari imepangika kama nywele zilizosukwa. Mtoto anaswaga mbuzi watatu kwa kijiti. Harufu ya vitumbua ilitufikia kabla hatujamwona mpishi, tukashuka kila mmoja akala vitatu, vya moto, pembeni vimekauka na katikati laini, iliki imekolea. Vitu hivi ni vya kila siku kwetu. Nilishangaa tu jinsi vilivyo vingi katika kilomita tano.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Machui. Hapo, kwenye kitongoji cha Vibambani, tarehe 1 Januari 1909, ndipo alipozaliwa Shaaban Robert. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, na Shaaban Robert kwake ni jina lililo juu ya vitabu, picha ya mtu mwenye kofia. Hakujua kwamba ni mtoto wa kijiji hiki cha minazi na mihogo. Kusema kweli, mimi nilijua, lakini nilijua kama mtu anavyojua jibu la mtihani. Tukamwuliza njia bibi mmoja aliyekuwa anatwanga nje ya nyumba yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mwamtafuta Shaabani?"

Alisema "Shaabani", basi, kama anavyotajwa jirani aliyetoka kidogo kwenda shamba. Akamwita mjukuu wake atupeleke kwenye kaburi. Tulisimama pale, tukamsomea Fatiha. Hatukukaa sana. Lakini njiani mpwa wangu aliendesha kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mjomba, alikuwa anafanya kazi gani?" Nikamweleza kwamba kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha katika miji ya pwani, Pangani ukiwemo. Mchana anahesabu mizigo ya watu, usiku anaandika. Kwa hiyo Kusadikika na Adili na Nduguze vilitoka kwa mtu aliyeijua njia tuliyokuwa tunaipanda, na nina hakika upepo huu wa kusi aliujua pia. Mpwa wangu akasema akirudi shule atawaambia wenzake kwamba amefika kwao. Alisema "kwao", nami nikafurahi kwamba hakusema "makumbusho".

Tongoni tulifika jua limeanza kuwaka. Kabla ya kuingia kwenye magofu tulinunua machungwa kwa mama mmoja aliyeweka fungu kwenye sinia chini ya mwembe. Alituandalia kama yanavyoandaliwa kwetu: kisu chembamba, chungwa linazungushwa mkononi, ganda la kijani linashuka utepe mmoja mrefu bila kukatika, na chungwa linabaki limevaa ngozi nyeupe tupu. Kisha anakata kifuniko kidogo juu, unaminya na kunyonya. Yalikuwa ya Muheza, akasema, na hakuwa na haja ya kusema. Utamu wa Muheza una ukali kidogo mwishoni unaousikia chini ya ulimi. Tukanunua mengine manne, tukayatia kwenye kikapu cha baiskeli.

Mlinzi wa magofu alitupokea kwa adabu, akatupa kitabu cha wageni tuandike majina. Nikakipekua kidogo. Ujerumani. Uswidi. Uholanzi. Dar es Salaam mara moja moja. Uingereza. Wa kutoka Tanga, katika kurasa nilizozipitia, niliweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nikaandika jina langu, na pale penye "ulikotoka" nikaandika Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Mlinzi akasoma, akanitazama usoni, akasema, "Karibu sana, ndugu yangu." Nilihisi anamkaribisha mtu aliyekuwa akisubiriwa.

Ndani kuna msikiti wa mawe ya matumbawe, paa halipo, kibla bado kinaonekana, na kuuzunguka ni makaburi, mengi kuliko nilivyotarajia. Ni makaburi ya nguzo, yale ambayo Waswahili wa kale waliyajengea mnara kwenye upande mmoja ili marehemu aonekane kuwa alikuwa mtu wa watu. Tongoni ina kundi kubwa kabisa la makaburi ya namna hii katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Nyingi ya nguzo hizo zimeanguka, na zimelala vipande vipande kwenye majani. Mpwa wangu alichuchumaa mbele ya nguzo moja, akatia vidole kwenye vishimo vya mviringo vilivyomo ubavuni mwake.

"Hivi ni vya nini?"

Mlinzi akamweleza kwamba humo yalichomekwa mabakuli ya kauri kutoka China, ya kulipamba kaburi. Mabakuli yamekwenda, vishimo vimebaki. Mtoto alikaa na vidole vyake humo, anapima ukubwa wa bakuli ambalo halipo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikifikiri: mtu wa hapa, kwenye pwani hii ya mikoko ninayoipita nimelala, alipokufa watoto wake walimpambia kaburi kwa vyombo vilivyovuka bahari nzima ya Hindi. Jamaa wa karne ya 14 na ya 15 walikuwa na habari za dunia kuliko mimi mwenye redio.

Jina la Tongoni lenyewe nilikuwa nalitamka tangu utoto bila kulisikiliza. Tongo ni mahame, mahali palipohamwa na watu. Kwa hiyo nilipomjibu mtoto "magofu tu", nilikuwa narudia jina la mahali, si kingine. Lakini mji huu haukuzaliwa ukiitwa gofu. Uliitwa Mtang'ata. Jina hilo limebaki kwenye lahaja ya wenyeji, Kimtang'ata, ambacho wataalamu wa Kiswahili wamekiandikia vitabu na sisi wa mjini tunakiita "lugha ya watu wa huko Tongoni", mara nyingine kwa kucheka. Mama wa machungwa alikuwa anakisema. Nilitamani nimsikilize siku nzima.

Na kuna hadithi ya machungwa. Tuliketi kwenye kivuli, kila mtu na chungwa lake, nikamsimulia mpwa wangu.

Mwezi wa Aprili mwaka 1498 meli tatu za Vasco da Gama zilikuwa zinapanda kaskazini kuelekea Mombasa. Hapa mbele ya Mtang'ata, moja yao, São Rafael, ikapanda mwamba, maji yakatoka, ikabaki kavu. Ng'ambo waliona milima mirefu wakaipa jina la meli yao, milima ya São Rafael. Ni Usambara hii hii, tunayoiona kutoka Tanga asubuhi isiyo na mawingu. Mmoja wa wasafiri aliandika shajara, na ndani yake akaeleza kwamba wakiwa wamekwama vilikuja vyombo viwili vya wenyeji, kimoja kimepakia machungwa mazuri, bora kuliko ya Ureno. Maji yalipojaa meli ikaelea, wakaendelea na safari.

Januari mwaka 1499, wakirudi kutoka India, walifika tena hapa. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa, na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Wakaihamisha mizigo ya São Rafael, wakaitia moto. Wakati huo watu wa mji wa Mtang'ata walikuwa wanawaletea kuku, wakibadilishana kwa mashati na bangili.

Mpwa wangu aliacha kunyonya chungwa. "Darasani tulifundishwa kwamba alikuja," akasema. "Hatukufundishwa kwamba alikuta machungwa."

Sina la kuongeza kwenye maneno hayo. Nimesoma habari za Vasco da Gama tangu darasa la tano, na siku zote yeye ndiye aliyekuwa akitembea na sisi ndio tuliokuwa tumesimama ufukweni. Siku ile, na maji ya chungwa la Muheza yanatiririka hadi kwenye kiwiko, niliona upande wa pili: wafanyabiashara wanaojua bidhaa yao, wanaona meli imekwama, wanapakia machungwa na kwenda kuuza. Mpaka leo Tanga inawauzia machungwa wapita njia.

Tulikaa Tongoni karibu saa tatu. Mlinzi alituonyesha upande wa bahari, jinsi maji yanavyoila ardhi kidogo kidogo kuelekea kwenye makaburi. Hilo lilinisikitisha sana. Ukuta uliojengwa kwa chokaa na matumbawe ukastahimili miaka mia sita unastahili kusimamiwa na watu wanaoupenda, na watu hawawezi kukipenda wasichokitembelea.

Kati ya Tongoni na Kigombe barabara inapita kwenye mkonge. Mistari yake haina mwisho, buluu ya kijani, na hapa na pale mmea mzee umerusha mlingoti wake juu angani tayari kufa. Mkonge nao una hadithi yake ya hesabu ndogo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba ya Tanga yote, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu iliongoza dunia kwa mkonge. Babu yangu mzaa baba alikata mkonge, na alikuwa na makovu ya miiba kwenye mapaja hadi anakufa. Kwa hiyo ulipokuwa mwiba wa mkonge uliotoboa tairi langu la nyuma, nje kidogo ya Kigombe, niliuchomoa nikaukamata kiganjani kwa heshima fulani.

Fundi baiskeli wa Kigombe anafanyia kazi chini ya mkorosho. Akapindua baiskeli, akalitoa tairi kwa vijiko viwili vya chuma, akaipuliza tyubu na kuizamisha kwenye beseni la maji, akiizungusha taratibu. Mapovu yakapanda uzi mmoja. Akaweka alama kwa njiti ya kiberiti, akakausha, akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akaipepea kwa mkono hadi ikashika, ndipo akabandika kiraka na kukigonga kwa nyundo. Hakuwa na haraka, na hakuna aliyemharakisha.

Jirani yake alikuwa mzee mmoja anashona nyavu, sindano ya mti mkononi. Mpwa wangu akamwamkia, wakaanza mazungumzo. Akamwuliza wavu ule mzito uliokunjwa pembeni ni wa samaki gani.

"Hilo jarife, mjukuu wangu. La papa. Latupwa usiku, chini sana." Kisha akasema, kama anayetaja jambo la kawaida, "Ndilo lililomtoa silikanti."

Nilijua silikanti kwa jina, kwa sababu bahari yetu hii ni hifadhi iliyopewa jina lake mwaka 2009, kutoka mdomo wa Mto Pangani hadi kaskazini ya jiji la Tanga. Lakini sikuwahi kukutana na mtu aliyemwona. Wataalamu waliamini samaki huyu alitoweka pamoja na mijusi wakubwa wa kale, miaka kama milioni 65 iliyopita, hadi mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba dogo la makumbusho akamtambua kuwa si samaki wa kawaida. Kisha, mwaka 2004 na 2005, wavuvi wa Tanga wakawa wanawapandisha mmoja baada ya mwingine kwenye majarife.

"Alikuwaje, babu?" mpwa wangu akauliza.

Mzee akaweka sindano chini ili apate mikono. Akatanua mikono yote miwili, haikutosha. Rangi yake, akasema, ni buluu ya chuma, na mabaka meupe. Magamba magumu. Mapezi yake hayatoki mwilini moja kwa moja, yamekaa kwenye vishina vya nyama, kama miguu iliyokatazwa kukua. "Twalidhani chewa wa kina kirefu. Wako waliompika. Mafuta matupu, hana ladha."

"Kwa hiyo mlikuwa naye siku zote?"

"Tulikuwa naye. Yeye chini, sisi juu. Hakuna aliyemwuliza mwenziwe."

Tairi likawa tayari. Nililipa, tukaaga, lakini tulikuwa tumeendesha mwendo mrefu kabla ya yeyote kati yetu kusema neno. Mnyama anayetafutwa na dunia nzima alikuwa anaelea gizani mbele ya vijiji ambavyo abiria wa basi huviita "bado hatujafika".

Pangani tuliingia alasiri, miguu imekwisha. Nitaisema kwa ufupi, si kwa sababu ni ndogo, bali kwa sababu mji ule unataka safari yake peke yake. Hapa ndipo Agosti 1888 Emil von Zelewski wa kampuni ya Wajerumani alipotaka kupandisha bendera yake kwa nguvu, watu wakakataa, na vita ya pwani ikaanza chini ya Abushiri bin Salim. Hapa pia ndipo Abushiri aliponyongwa, tarehe 15 Desemba 1889. Tulikwenda hadi kwenye kivuko cha Bweni, tukakaa ukingoni. Mpwa wangu akavua viatu, akatia miguu majini. Nikamwambia maji haya yanatoka Kilimanjaro na Meru. Akainamisha kichwa, akayatazama kwa muda, kisha akachota kwa viganja, akanawa uso.

Tulilala kwa wale jamaa wa arusi. Kesho yake mwili wangu haukukubali kupanda tena, ingawa kusi sasa ingetusukuma mgongoni, kwa hiyo baiskeli zilifungwa kwenye keria ya daladala na sisi tukakaa dirishani. Konda alitaka kuvuta pazia kwa ajili ya jua. Mpwa wangu akamwomba aliache. Tulipofika Tongoni mama wa machungwa alikuwa palepale chini ya mwembe, kisu mkononi, utepe wa kijani unashuka.

Wewe uliye Tanga, au Muheza, au hata Korogwe, nenda. Nenda na watoto, siku ya Jumapili, kwa baiskeli kama magoti yako yanaruhusu, kwa daladala kama hayaruhusu. Kitabu cha wageni kiko kwa mlinzi. Kwenye nafasi ya "ulikotoka", andika mtaa wako.